Nilimwambia mtafiti wa chuo kwamba Katonga tunakula kereng'ende

Wakuu, habari za mihangaiko.

Mimi ni kijana wa Katonga, Kigoma, naanika dagaa. Elimu yangu la saba, na hiyo la saba nilimaliza kwa huruma ya walimu. Nasema mapema ili mtu asije kulalamika mbona Kiswahili changu hakijavaa suti.

Na hii siyo chai. Ingekuwa chai ningejipa nafasi ya shujaa, ila mtaona wenyewe nilivyoumbuka.

Uzi unahusu mdudu. Ndiyo, mdudu. Waliokuja kutafuta nyuzi za mahusiano wasiondoke haraka, mapenzi yamo, ila ya wadudu.

Iko hivi.

Mwaka jana, mvua zinaelekea ukingoni, alikuja mwaloni kwetu, pale mitumbwi inaposhushia samaki, dada mmoja wa chuo. Tumwite dada Upendo. Mtu wa Iringa. Kofia pana, begi mgongoni, na mkononi ameshika fimbo imefungwa wavu laini kama chandarua. Wavuvi walipomwona wakajua wamepata kazi ya siku.

"Dada, na wavu huo si utapata dagaa wawili tu, na mmoja atatoroka!"

Akacheka, akasema anafanya utafiti, anataka mwenyeji wa kutembea naye ufukweni wiki tatu.

Mama Zai, ambaye ndiye mwenye zile chanja ninazoanikia dagaa, akanisukuma mbele.

"Mchukue huyu. Anaitwa Msomi."

"Amesomea nini?"

"Hajasomea kitu. Ndiyo maana tunamwita Msomi. Ila uwe makini mwanangu, huyu akisema maneno kumi, saba ni utani."

Dada Upendo akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafungua daftari, akaniuliza swali la kwanza.

"Hapa kwenu kuna kereng'ende?"

Wakuu, hapa naomba tuelewane kabla sijaendelea.

Mimi nilivyokulia, kereng'ende ni ndege. Yule jamaa kama kwale, koo jekundu halina manyoya, miguu myekundu, anakimbia kwenye mashamba ya mihogo na alfajiri anapiga kelele kama ameibiwa. Huyo ndiye kereng'ende wangu toka nazaliwa.

Sikujua kwamba kuna Watanzania wenzangu wakisema kereng'ende wanamaanisha mdudu. Yule mwenye mabawa manne na kiwiliwili chembamba kirefu, anayesimama hewani juu ya maji kama amepaki. Sisi huyo tulimwita helikopta. Nimeota ndevu, bado ni helikopta.

Kwa hiyo nikajibu kwa kujiamini kabisa.

"Kereng'ende wapo wengi tu dada. Asubuhi na jioni ndiyo utawaona vizuri."

Akaandika. "Jamii inawatumia kwa jambo lolote?"

"Tunakula."

Kalamu ikasimama.

"Mnakula?"

"Tena mtamu kuliko kuku. Ukimchemsha anakuwa mgumu kidogo, lakini ukimkaanga na mawese, aisee."

"Mnawakamataje?"

"Mitego. Wengine manati."

"Manati?" Akanitazama. "Na mabawa mnatoa kwanza?"

"Nani atoe? Bawa ndiyo penyewe! Bawa anapewa mgeni."

Anaandika tu, macho yanang'aa. Mwisho akauliza mtu mmoja anakula wangapi kwa mlo.

Nikamwambia, "Mmoja mkubwa mnakula watu watatu, mradi ugali uwe wa kutosha."

Akacheka sana. Akasema, "Mama yule alinionya kuhusu wewe." Hilo hakuliandika.

Yaani kwenye maelezo yote niliyompa, sentensi pekee ambayo ingemshtua ndiyo aliyoiona utani. Mengine yote yakaingia daftarini.

Kesho yake tukaanza kazi. Ukipita mwalo kuna sehemu kijito kinaingia ziwani, matete yamejaa, mbele yake mchanga na majani mafupi. Mimi nimekuja na manati shingoni. Yeye ananiangalia tu.

Tumefika tu, akaninong'oneza, "Msomi, usitikisike. Kereng'ende yule pale!"

Nikachuchumaa na kuvuta manati. Naangalia kwenye majani, sioni ndege. Naangalia kwenye kichaka, hakuna.

"Wapi?"

"Hapo, juu ya tete. Mwekundu."

Juu ya tete alikuwepo helikopta mwekundu kama pilipili, ameshusha mabawa mbele kama mtu aliyechoka kubeba ndoo mbili.

Nikashusha manati taratibu.

Wakuu, pale pale nilielewa kila kitu. Mkaango, bawa la mgeni, mtego, vyote vilipita kichwani kwa pamoja. Ilikuwa saa nne asubuhi na bado tuko siku ya kwanza. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu, niseme dada samahani, jana nilikuwa naongelea ndege.

Sikusema.

Sababu? Nilishajiona mtu. Mwalo mzima umeniona naondoka na mtafiti. Nikifungua mdomo nitarudi kwenye chanja kabla dagaa wa asubuhi hawajakauka. Nikajipa moyo kwamba vitu vilivyo daftarini ni vingi, hicho kimoja nani atakisoma.

Nikakausha.

Ila sasa naomba mnielewe na upande mwingine. Hiyo kazi niliipenda na niliifanya kweli. Dada alikuwa na karatasi za picha, tunamwona mdudu, tunaangalia rangi, mabawa, anakaa wapi, anaruka vipi. Aliniambia rangi peke yake itakudanganya, angalia na tabia. Mwekundu wa kwenye tete anarudi kwenye tete lile lile hata umfukuze mara tano. Kuna wale wa manjano wanaokuja makundi na mvua, hao hawana kituo, wanaruka toka asubuhi mpaka unachoka wewe unayewaangalia.

Na kuna yule aliyetusumbua.

Alikuwa ameandika aina mbili. Mmoja mweusi, kila bawa lina mkanda mpana mweusi katikati, ncha ya bawa haina rangi. Wa pili wa kahawia inayoelekea manjano, ana mistari mistari, mabawa meupe tu hayana mkanda. Wote wafupi, wote wanakaa chini kwenye mchanga, siyo kwenye tete.

Nikamwambia, "Dada, hawa wasihesabiwe wawili. Hawa ni mtu na mkewe."

"Umejuaje?"

"Nimewafuma."

Akafikiri utani. Nikamwambia hawa nawaona kila jioni nikigeuza dagaa. Mweusi anamdaka wa kahawia, wanatua kwenye jiwe, wamejikunja duara kama hereni, muda mfupi tu, wanaachana. Sijawahi kumwona mweusi kamshika mweusi mwenzake isipokuwa kwa ugomvi. Siku mbili baadaye akawaona kwa macho yake, akapiga picha, akakata mstari kwenye orodha. Aina mbili zikawa moja.

Nikamwonyesha na jambo la pili. Hawa jamaa wanafuata miguu. Ukitembea ufukweni jioni wanakuzunguka kwenye vifundo, kumi, ishirini, wanakwenda na wewe. Ukisimama, wanatua. Ukiondoka, wanaondoka. Watu wengine huku wakifuatwa hivyo wanaanza kuulizana nani amewatuma. Hajawatuma mtu. Mguu wako unafukuza visubi kwenye majani, wao wanakula. Wewe ni mhudumu wao.

Nikawa namwambia Mama Zai, hata mimi nina wafuasi.

"Wote wadudu," akasema.

Ngoja kwanza wakuu, wingu linakuja, nikatoe dagaa nje ya mvua. Narudi.

...

Nimerudi. Mvua yenyewe imetudanganya.

Wiki mbili zilikuwa zinakaribia kutimia. Jumatatu hiyo dada Upendo akaja mwaloni anakimbia, simu mkononi, hajawahi kucheka namna ile.

"Msomi, umenipandisha! Sikiliza."

Akanisomea. Alikuwa ametuma ripoti ya nusu kwa supavaiza wake, mtu mzima, daktari wa wadudu. Na yule amejibu: hiyo habari ya kereng'ende kuliwa Katonga ni mpya kwake. Anakuja Alhamisi. Aandaliwe msemaji, na anataka kuona kwa macho wanavyokamatwa na kupikwa.

Msemaji ni mimi, wakuu. Kimeumana.

Nikasema "hongera dada" na sauti ilitoka kama ya mbuzi.

Nikaenda kwa Mama Zai nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakaa juu ya dagaa. Alipomaliza kujifuta machozi akasema:

"Sasa si ukawakamate hao helikopta wako, uwakaange, uwale mbele yake? Mzee atapiga picha, atarudi kwao. Mtoto wa watu haaibiki."

Msinicheke, nilijaribu.

Nilikamata wanne, Mama Zai akapasha mawese. Mabawa yaliisha hata kabla hayajafika chini, kama karatasi kwenye moto. Kilichobaki kilikuwa kama njiti ya kiberiti. Nikafumba macho, nikala mmoja.

Ladha yake ni ya njiti ya kiberiti iliyopikwa kwa mawese.

"Unaweza wa pili?" Mama Zai akauliza.

Ningeweza. Hapo ndipo pagumu. Ningeweza kuwala wote wanne natabasamu, na mzee angeamini, kwa sababu uongo wa namna hiyo nani anautilia shaka? Nani anakula mdudu kwa ajili ya uongo?

Lakini nikafikiria. Mzee ataondoka, mimi nitabaki naanika dagaa, hakuna wa kuniuliza. Jina litakaloandikwa kwenye karatasi ni la Upendo. Siku moja atasimama mbele ya watu aseme watu wa Katonga wanakula kereng'ende, na kwenye kile chumba hatakosekana Muha mmoja, mtu wa huku kwetu. Huyo Muha akicheka tu, imeisha.

Nikamwaga mawese.

Jumatano asubuhi nikamfuata kule kwenye matete. Nikamwambia moja kwa moja, sikuweka hata utani wa kulainishia.

Alifunga daftari. Halafu akauliza, "Uligundua lini?"

"Siku ya kwanza. Saa nne."

"Wiki mbili, Msomi?"

"Ndiyo dada."

"Na ile ya watu watatu na ugali..."

"Hiyo ilikuwa kweli. Ndege mkubwa anawatosha."

Mdomo wake ukatikisika kidogo, nikadhani atacheka. Hakucheka. Akakaa chini kwenye mchanga na buti zake.

"Unajua kesho atasemaje? Atasema kama hilo ni uongo, mengine nayo nani aliyathibitisha? Mengi ya humu chanzo ni wewe. Atalikataa daftari zima. Nitarudia fildi mwaka mwingine."

Nikamwambia nitasema mimi mwenyewe.

"Utasema," akajibu, na siku ile hatukuongea tena. Tulihesabu wadudu kama watu wawili waliogombana msibani.

Alhamisi mchana Dokta akafika. Mzee mfupi, suruali ina mifuko mpaka kwenye magoti.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba. Wewe ndiye mla kereng'ende?"

Nikasema, "Hapana Dokta. Mimi ninayemla ni ndege." Nikamweleza yote, pamoja na ile saa nne na kwamba nilinyamaza. Hata njiti ya mawese nikaisema, maana nilishaanza.

Mzee hakunigeukia mimi. Alimgeukia dada Upendo.

"Kwa hiyo ulimuuliza mtu jina, hukumwonyesha kitu."

"Ndiyo, Dokta."

"Hata picha?"

"Hapana, Dokta."

Akachukua daftari, akafunua kurasa pole pole. Akasimama kwenye moja.

"Na hapa mmeandika mwenye mikanda myeusi na wa kahawia ni dume na jike wa aina moja, na wanafuata miguu ya watu." Akaniangalia juu ya miwani. "Huyu naye ni ndege?"

"Huyo ni helikopta, Dokta. Wa kweli."

"Nionyeshe."

Tukaenda ufukweni, mbele ya mwalo. Habari zilishasambaa, Mama Zai ameacha chanja, wavuvi wamekaa kwenye kingo za mitumbwi kama wako uwanjani.

Ziwa siku hiyo lilikuwa na upepo. Nikatembea mchangani. Hakuna kitu. Nikarudi. Hakuna. Wale wadudu walionifuata miaka yote bila kuwaita, siku hiyo kama wamehama wilaya.

"Msomi, waite kwa majina!"

"Mpigie mluzi, atakuja na mkewe!"

Dokta amesimama tu, mikono nyuma. Dada Upendo haangalii mchanga, anaangalia lile daftari lililo mkononi kwa mzee.

Nikasema ngoja, tumia akili yako ya la saba. Upepo unatoka ziwani, visubi vimepeperushwa. Vitakuwa wapi? Pasipo na upepo. Kule nyuma ya mitumbwi mibovu iliyopinduliwa kuna majani mafupi, na kule upepo haufiki.

"Dokta, tuhamie kule. Na samahani, tembea wewe. Buruta miguu kama mtu aliyevaa viatu vya kaka yake."

Mzee akaburuta. Hatua tano, hakuna. Hatua kumi, akanyanyuka mmoja mweusi toka kwenye mchanga, akapita mbele ya kifundo cha mzee, akatua. Kisha wa kahawia wawili. Mpaka anafika mwisho wa mtumbwi wa tatu, miguu ya Dokta ilikuwa imezungukwa, na mwalo wote ukanyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea Katonga.

"Dume?" akauliza.

Nikanyoosha kidole.

"Jike?"

Nikanyoosha kidole.

"Na yule kwenye kokoto? Ana mikanda, lakini imefifia, kahawia. Huyo ni aina ya tatu?"

Nikamwangalia vizuri kabla ya kujibu.

"Huyo ni dume, Dokta, ila bado kijana. Hajakolea. Kama ndevu zangu."

Ndipo mzee akacheka, kwa mara ya kwanza toka afike.

"Hii tabia naijua miaka mingi," akasema. "Sikuja kujifunza kwako. Nilitaka kuona kama wewe unaijua."

Akamrudishia dada daftari, akamwambia kila kitu chenye picha au alichokiona yeye mwenyewe kitabaki, vingine akavihakikishe upya wiki iliyobaki. Fildi haitarudiwa. Dada alikuwa ameanza kuuchana ule ukurasa wa mapishi, mzee akamzuia.

"Usichane. Piga mstari mmoja, maneno yaonekane. Chini yake aandike huyu mwenyewe."

Nikapewa kalamu. Wakuu, mara ya mwisho kuandika kitu kikasomwa na mtu aliyesoma ilikuwa mtihani wa la saba, na majibu yake mnayajua. Nikaandika:

"Nilipoulizwa kereng'ende nilijibu habari za ndege. Nikajua kosa, nikanyamaza. Helikopta hatuli."

Nikaweka jina langu la kweli, siyo Msomi.

Wiki ya mwisho dada Upendo alifanya kazi na mimi, ila aliweka sheria. Jina lolote nitakalotaja, la mdudu, la jani, la jiwe, lazima nilinyooshee kidole kwanza. Alikuwa hacheki mpaka kidole kifike. Siku ya kuondoka ndiyo alinisamehe, nadhani, maana aliniuliza kama huyo ndege kweli ni mtamu kuliko kuku. Ripoti yake ilipita, alinipigia kunijulisha.

Nilichojifunza: kukosea jina siyo dhambi, nchi kubwa hii na kila mtu ana lake. Dhambi ni ile saa nne asubuhi, unapojua umeeleweka vibaya halafu unaona raha kuendelea kueleweka hivyo hivyo. Na nyie wasomi mnaokuja na madaftari, msituulize majina tu. Tuonyesheni kitu, sisi tutawaambia ni nani.

Haya, mabaharia na wajuzi wa humu, karibuni mnichane. Ila kabla hujanichana taja kwanza unatoka mkoa gani, halafu unijibu: kwenu kereng'ende ana miguu miwili au sita?